Meli ya Panama nayo inashikika: dhana potofu kuhusu moshi wa meli

Kazi yangu ni injini za meli, nimefanya injini rum miaka mingi kabla ya kurudi Amu, na sa hizi nakagua vyombo na kufundisha vijana wanaotaka kupanda meli. Tangu bandari ya Kililana hapa Lamu ifunguliwe 2021 neno ni hilo hilo, awe mvuvi, awe mwenye boti ya watalii, awe kijana aliyetoka kozi na cheti chake mkononi: "Hizo sheria za moshi ni za Ulaya, hizi meli zina bendera ya Panama na Liberia, nani atazigusa?" Juzi nimeambiwa hivyo hivyo na mtu wa ejensi ya meli, mtu ambaye makaratasi ya meli yanapita mkononi mwake kila siku, nikaona basi, wacha niandike.

Bendera ya meli maana yake ni nchi iliyosajiliwa. Kwanza kabisa, Panama yenyewe imeridhia Anex Siksi ya MARPOL, yaani sehemu ya sita, ya uchafuzi wa hewa, ya mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli. Liberia pia, Visiwa vya Marshall pia, na Kenya pia. Sheria yenyewe ilianza kutumika Mei 2005, ikafanyiwa marekebisho makubwa 2008, na haisemi popote kwamba ni ya bahari za Ulaya. Pili, meli ikishafunga gati kwetu, nchi ya bandari ina haki ya kuipanda na kuikagua, na hata ingekuwa bendera yake ni ya nchi ambayo haijaridhia chochote bado haitakiwi kupewa nafuu kuliko zile zilizoridhia. Gari la namba ya Tanzania likiingia Malindi mjini linasimamishwa na trafiki kama gari lolote, si ndio? Na meli ni vivyo hivyo.

Sasa mkaguzi akipanda anaangalia nini? Meli ya tani 400 kwenda juu (tani za ukubwa wa meli yenyewe, si uzito wa mzigo) lazima iwe na cheti cha kimataifa cha kuzuia uchafuzi wa hewa. Lazima iwe na banka note (hati ya kupokea mafuta) ya kila mafuta iliyopakia, imeandikwa kiwango cha salfa, na inawekwa miaka 3. Pamoja na hiyo note kuna chupa ya sampuli iliyofungwa kwa sili, hiyo haitupwi mpaka mafuta yale yaishe na hata yakiisha mapema haitupwi kabla ya miezi 12. Kuna faili la injini kwa upande wa naitrojeni oksaidi, gesi chafu inayotoka injini ikichoma mafuta. Na tangu tarehe 1 Machi 2020 meli isiyo na skraba (mtambo wa kuosha salfa kwenye moshi) ikikutwa tu na mafuta yaliyozidi kiwango kwenye tangi zake za kuchoma ni kosa, hata kama haijachoma tone. Watu hawajui hii! Wanadhani mpaka ushike moshi hewani ndio kuna kesi.

Na meli ikizuiwa bandarini si jambo dogo, kila siku inayolala pale kuna mtu analipa, na nchi za Bahari ya Hindi zina makubaliano yao ya ukaguzi kwa hiyo rekodi ya kuzuiwa inaonekana na bandari zinazofuata. Nahodha anaogopa hiyo kuliko faini.

Nafikiri najua dhana hii imetoka wapi. Sheria ina ngazi mbili. Kuna maeneo maalum, Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Marekani na Kanada, Karibiani upande wa Marekani, na tangu Mei 2025 Mediterania, huko salfa kwenye mafuta isizidi asilimia 0.10. Kwengine kote duniani, pamoja na hapa kwetu, ni asilimia 0.50 tangu tarehe 1 Januari 2020. Kabla ya hapo ilikuwa 3.50, na kabla ya 2012 ilikuwa 4.50. Sasa kijana anamsikia mjomba wake aliyefanya meli akihadithia vile chifu, mhandisi mkuu wa meli, anavyobadilisha mafuta wakikaribia Ulaya, anajiambia kumbe sheria inaanzia kule. Haianzii kule, kule inakazwa zaidi tu. Hiyo 0.50 IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, walikadiria itapunguza salfa ya meli kwa asilimia 77, kama tani milioni 8.5 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo ni za bahari wazi na pwani kama yetu. Mimi naona pwani yote ya Afrika Mashariki ingefaa iwe eneo maalum nayo, na nitaendelea kusema hivyo.

Mapungufu yapo, sikatai. Meli inayopita tu huko nje bila kuingia bandarini ni vigumu kuifanya kitu, mara nyingi tunachoweza ni kutuma ushahidi kwa nchi ya bendera. Na mkaguzi anayeangalia cheti peke yake bila kufungua banka note wala logi ya mafuta hajakagua kitu. Lakini huo ni udhaifu wa utekelezaji na unarekebishika, tena unarekebishika na sisi wenyewe, ila tukishaamini ati hawashikiki hatutauliza chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu, na vijana wangu wamenichoka kwa huu: ukiona moshi usioeleweka usiandike jina la meli wala bendera, andika namba ya IMO. Ni tarakimu saba, imeandikwa nyuma au ubavuni. Jina hubadilishwa, rangi hubadilishwa, bendera hubadilishwa, namba ile inabaki na meli mpaka inapokatwa chuma chakavu. Namba, saa, mahali, picha, upeleke kwa mamlaka ya bahari.

Dhana potofu nyengine nazipitia haraka.

"Moshi si mweusi, basi meli ni safi." Hapana. Gesi ya salfa huioni kwa macho, na naitrojeni oksaidi mara nyingi huioni pia. Moshi mweusi unakwambia mafuta hayaungui vizuri, ambayo ni shida yake nyengine. Na moshi mweupe mzito wakati mwengine ni mvuke wa skraba tu.

"Ikifunga gati imezimwa." Injini kubwa ndio imezimwa, lakini jenereta zinanguruma usiku na mchana, za taa, pampu, makontena ya friji, na boila juu yake. Ndio maana Ulaya meli ikiwa gatini lazima itumie mafuta ya 0.10, na ndio maana bandari nyengine zinavuta umeme wa nchi kavu mpaka melini.

"Mafuta ya 0.50 ni dizeli kama ya petroli stesheni." Dizeli ya magari Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni mwaka 2015. Asilimia 0.50 ni sehemu 5,000. Mara mia! Tusijidanganye kwamba 0.50 ndio mwisho wa safari.

"Meli ina skraba, tulale." Hapa wavuvi sikilizeni. Sheria inaruhusu kuchoma mafuta mazito ya salfa nyingi kama moshi unaoshwa, lakini skraba ya wazi inachukua maji ya bahari, inaosha moshi, halafu yale maji yenye asidi na masizi yanarudi baharini. Singapore na Fujairah wameyakataza bandarini mwao. Kwenye mlango mwembamba uliozungukwa na mikoko na samaki kama wetu, mimi nisingekubali hata tone, maji hayo yazuiwe yasitoke au wabadilishe mafuta kabla ya kuingia.

"Tumeshamaliza salfa, basi na mabadiliko ya tabianchi yamepatiwa dawa." Ni vitu viwili mbalimbali. Kuondoa salfa hakuondoi kaboni dayoksaidi, na meli zinatoa karibu asilimia 3 ya gesi joto zinazotoka kwa shughuli za binadamu. Kwa hilo kuna vipimo vya ufanisi wa matumizi ya mafuta, vya meli mpya tangu 2013, na tangu 2023 meli zilizopo nazo zinapimwa na zile za tani 5,000 kwenda juu zinapewa daraja A mpaka E kila mwaka. Lengo la IMO ni kufika sifuri halisi (net zero) ya gesi joto kufikia au karibu na 2050, ila mpango wa kutoza gharama ya kaboni uliopelekwa London Oktoba 2025 uliahirishwa mwaka mzima, kwa hiyo kijana anayeanza kozi leo asome mambo ya methanoli na amonia mapema, maana mafuta atakayoyakuta injini rum huenda yasiwe haya tuliyoyazoea sisi.