Kosa la mwenzako si lazima liwe tabia yake

Wengi huamini kwamba kosa la mtu ndilo linalofichua tabia yake halisi. Aliyepita bila kusalimu huitwa mwenye kiburi, aliyechelewa huitwa mzembe, na hukumu hutolewa kabla hajaulizwa kilichomsibu. Ukweli ni kwamba mazingira huyaendesha matendo yetu kuliko tunavyopenda kukubali. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa jengo jingine kwenda kutoa hotuba, na njiani alimkuta mtu amejikunyata mlangoni, ameinamisha kichwa, akikohoa na kuguna. Kati ya walioambiwa kwamba wamechelewa, ni asilimia 10 tu waliotoa msaada; kati ya wale waliokuwa na nafasi, walifika asilimia 63. Baadhi yao walikuwa wanakwenda kuuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, na hata hilo halikuleta tofauti ya maana. Aliyewaona wakimpita mgonjwa yule angewaita wanafiki, ilhali kilichowatenganisha na wenzao ni haraka tu. Inauma zaidi kwamba udhuru huo huo tunaowanyima wengine, sisi wenyewe hujipa kila siku bila kuombwa.

Dhana nyingine ni kwamba kiburi ni cha matajiri na wasomi, na kwamba hutambulika kwa majivuno. Mtu mpole, asiyejisifu hata siku moja, anaweza kubeba moyoni imani kwamba yeye ni afadhali kuliko walio wengi. Katika utafiti wa Ola Svenson wa mwaka 1981, asilimia 93 ya Wamarekani waliohojiwa walijiweka katika nusu ya juu ya madereva kwa ustadi, jambo lisilowezekana kihesabu.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuelewa mazingira ya mkosaji ni kumtetea. Sivyo kabisa. Dereva aliyeendesha kwa kasi akagonga mtu atawajibika, hata kama alikuwa anamkimbiza mtoto wake hospitalini. Lakini anayemhukumu bila kujua habari ya mtoto huyo hajalijua kosa lenyewe, na adhabu atakayoipendekeza itakuwa ya mtu aliyemuumba kichwani mwake.