Imebomoka au Imebomolewa? Soma Kabla ya Kuleta Barua

Masika yakianza Mombasa, barua za wananchi humiminika katika idara ya ukaguzi wa majengo, na nyingi zina sentensi moja tu: "Nyumba imevunjika, njooni." Wakaguzi wenzangu wamenituma nieleze kwa nini sentensi hiyo haitusaidii. Kiswahili mnakijua, na si kazi yetu kuwafunza. Tunachoeleza ni kile afisa anachofanya baada ya kuisoma barua yako.

Kuvunja ni neno pana mno. Huvunjwa yai, kuni, ahadi, ndoa, mkutano, hata safari. Likiandikwa kuhusu jengo bila maelezo, huenda ni kigae kimoja cha paa, huenda ni ghorofa nzima iliyolala barabarani. Afisa ana gari moja na barua nyingi, na hana njia ya kujua aanze na ipi.

Linaloleta mzozo zaidi ni hili la kubomoka na kubomolewa. Ukiandika "ukuta umebomoka" umetuambia umeanguka wenyewe, kwa mvua, kwa uchakavu au kwa msingi kutitia. Hapo tunatafuta sababu. Ukiandika "umebomolewa" umetuambia kuna mkono wa mtu. Yupo fundi, yupo aliyemtuma, na swali la kwanza litakuwa kibali kiko wapi. Wapangaji huandika "umebomoka" kwa kumwogopa mwenye nyumba. Wenye nyumba nao huandika vivyo hivyo, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Ndugu zangu, ukuta uliobomoka haukatiki kwa mstari ulionyooka, wala hauachi uwazi wenye upana wa mlango wa duka.

Kuhusu kibali nitarefusha kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 57, anayeanza kazi ya uendelezaji, yaani kazi yoyote inayofanywa kwenye ardhi au jengo, bila kibali cha kaunti anatenda kosa. Akipatikana na hatia, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kifungu cha 72 kinahusu notisi ya utekelezaji, ile karatasi inayokuagiza usimamishe kazi au urekebishe ulichofanya. Usiporidhika nayo, una siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi. Siku hizo huanza ulipokabidhiwa notisi. Haziwezi kungoja siku utakayoamua kuifungua bahasha. Kamati inatakiwa kusikiliza na kuamua ndani ya siku 30 tangu rufaa iwasilishwe, na asiyeridhika na uamuzi wake huenda mahakamani, tena kwa hoja ya sheria tu. Anayeipuuza notisi anaweza kupewa adhabu kama ile ile ya kifungu cha 57.

"Lakini sijabomoa, nimevunja kidogo tu kwa ndani." Jibu hili tunalipata kila wiki. Ukuta wa ndani unaweza kuwa ndio uliobeba boriti za dari, na ukiuondoa huo hakuna tena udogo wa kujitetea nao. Kwa wakazi wa Mji wa Kale kuna hatua ya ziada, kwani eneo hilo limehifadhiwa kisheria na Makavazi ya Kitaifa yana sauti kuhusu kinachoguswa. Huko tunasisitiza pia tofauti ya kufumua na kubomoa. Kufumua ni kuondoa kipande kwa kipande ili vipande visalimike na vitumike tena: unafumua makuti, mabati, roshani ya mbao. Kubomoa hakujali vipande. Aliyeruhusiwa kufumua roshani akaibomoa amefanya kazi ambayo hakuiombea.

Sasa nyufa. Ufa ni ufa, iwe ukuta umepasuka au, kama wazee wanavyosema, umeatuka. Ila tuambieni unapita wapi. Ufa mwembamba kama uzi juu ya plasta mara nyingi ni plasta yenyewe iliyokauka upesi. Ufa unaoshuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au unaoanzia pembe ya dirisha na kwenda mshazari, huenda unaonyesha kuwa msingi unatitia upande mmoja. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukipita alama, tuite.

Hapa niseme jambo kuhusu ile methali ya kuziba ufa. Imetuharibia nyumba nyingi. Mtu anaona ufa kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, anachukua saruji, anaziba, anapaka rangi ya mafuta, analala. Matumbawe hunyonya maji, na chokaa huyaachia yatoke. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi yake. Chumvi hiyo ikikauka huwa fuwele zinazosukuma jiwe kutoka ndani, na uso wa jiwe huanza kumomonyoka, unga unadondoka barazani kila asubuhi. Ufa umezibwa, ukuta unaliwa. Nyumba ya chokaa hutengenezwa kwa chokaa, na mafundi wanaoijua kazi hiyo bado wapo.

Kumeguka tumieni kwa zege. Nyumba nyingi za karibu na bahari zimejengwa kwa vyuma ndani ya zege, na wapo waliochanganyia maji ya kisima yenye chumvi au mchanga wa ufuoni. Chuma kikipata kutu hufura, na zege linalokifunika hutoka mapande mapande. Ukiona chuma chekundu kwenye nguzo au chini ya roshani, andika hivyo hasa: "zege limemeguka, chuma kinaonekana." Barua hiyo haitakaa chini ya nyingine. Kubanduka ni kwa plasta na rangi, na mara nyingi kunaweza kungoja.

Kuporomoka ni neno la dharura, na kwa dharura hatutaki barua. Dari ikilia, vumbi likishuka bila mtu kutembea juu, milango iliyokuwa ikifunga ikianza kukwama ghafla, tokeni nje na majirani, kisha pigeni simu. Msirudi kuchukua televisheni.

Kwa mengine yote, barua iwe na mtaa na alama ya karibu, nyumba imejengwa kwa nini (matumbawe, matofali, zege, au udongo na fito), sehemu iliyoharibika, tarehe mlipoiona mara ya kwanza, na kama kuna fundi aliyefanya kazi hapo au kwa jirani siku za karibuni. Mpangaji anaweza kuandika kwa jina lake mwenyewe, hahitaji saini ya mwenye nyumba. Picha mbili zinatosha, moja ya karibu na moja ya mbali. Tafadhali ile ya mbali ionyeshe nyumba, isiwe ya familia imesimama mbele yake.