Je, wajua kwa nini kanzu ya Yusufu ina milia?

Ukifungua kabati langu utadhani ni duka la vikoi. Mashati ya milia, suruali ya milia, hata foronya. Juzi dada yangu alinitania kwamba siku nikipotea, kutangaza nilivyovaa itakuwa kazi rahisi. Nikakaa nikajiuliza ugonjwa huu ulinianza lini, na jibu likanirudisha Tanga, kwenye benchi la Shule ya Jumapili.

Mwalimu wetu alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi za Biblia chenye picha za rangi, jalada limeshonwa kwa uzi kwa jinsi lilivyochoka. Ukurasa wa Yusufu ndio tuliougombania. Kijana amesimama katikati ya ndugu zake waliovaa nguo za rangi ya vumbi, na yeye amemeremeta kwa milia mipana: nyekundu, manjano, kijani, buluu, toka begani hadi kifundoni. Kisha mwalimu akafungua Biblia yenyewe, Mwanzo 37:3, akasoma kwamba Israeli, yaani Yakobo baba yake, alimpenda Yusufu kuliko wanawe wote, "akamfanyia kanzu ndefu". Basi. Rangi haikutajwa hata moja. Ila mimi sikusikia kasoro yoyote, maana macho yalishaamua.

Sasa, kama Biblia tuliyosomewa haina milia, milia ilitoka wapi?

Kiebrania kinaliita vazi hilo *ketonet passim*. Neno la kwanza halina shida, ni kanzu. Fumbo ni *passim*, ambalo linaelezea mavazi ya watu wawili tu katika Biblia nzima: Yusufu, na Tamari binti wa mfalme Daudi katika 2 Samweli 13. Wataalamu wengi hulihusisha na *pas*, kiganja, kama katika kisa cha mkono ulioandika ukutani kwenye Danieli 5. Kwa maelezo hayo, ni kanzu ya mikono inayofika viganjani, na pindo lake linashuka hadi miguuni.

Lakini Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, waliandika *poikilos*: yenye rangi au nakshi mbalimbali. Hapo ndipo rangi zilipoingia. Anayenifurahisha zaidi ni Yeronimo, aliyetafsiri kwa Kilatini karne sita na ushei baadaye. Mstari wa 3 aliandika *polymita*, ya nyuzi nyingi. Alipofika mstari wa 23, ndugu wanapomvua Yusufu, akaandika *talari et polymita*: ya kufika vifundoni na ya nyuzi nyingi. Ni kama mgeni aliyeulizwa chai au kahawa, akajibu vyote.

Waingereza katika Biblia yao ya mwaka 1611 walishika upande wa rangi, "vazi la rangi nyingi", na watoto wao wakakua na picha hiyo kichwani. Vitabu vya picha vilivyotufikia sisi vilichorwa katika mapokeo hayohayo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ikashika upande wa urefu. Maneno yakatafsiriwa, picha zikabaki vilevile. Ndiyo maana mtoto wa Tanga alisikia kitu kimoja akaona kingine.

Bado hatujaifikia milia yenyewe. Rangi nyingi zingeweza kuwa maua, viraka au madoa. Milia ni kazi ya wachoraji wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 waliosafiri kwenda Palestina na Misri kutafuta ukweli wa mavazi. William Holman Hunt alikwenda mwaka 1854, na Harold Copping, ambaye Biblia yake ya picha ilitoka mwaka 1910, naye alifunga safari kwa kazi hiyo. Walichokikuta ni Mabedui na wakulima wa zama zao wamevaa majoho ya sufu yenye milia mipana, wakaamini kwamba huko nguo hazijabadilika tangu Abrahamu. Wakachora walichokiona. Ndiyo sababu vazi la pichani mara nyingi limeachia mbele. Mtu wa pwani akilitazama vizuri hataliita kanzu, ataliita joho.

Nisiwaonee, lakini. Huko Beni Hasan, ukingoni mwa Nile, kuna kaburi la mkuu mmoja wa Misri, Khnumhotep wa Pili, la miaka ya 1890 hivi kabla ya Kristo. Ukutani wamechorwa wageni kutoka Asia wakiingia Misri na punda wao, na nguo zao zimejaa milia na nakshi za rangi, tofauti kabisa na nguo nyeupe za Wamisri. Wapo wasomi wa zamani waliodhani ni ndugu za Yusufu wenyewe. Dhana hiyo haikusimama, ila nguo zipo pale ukutani.

Mimi hata hivyo naona urefu ndio unaoeleza ugomvi. Wanaume kumi hawamchukii ndugu yao hadi kumtupa shimoni kwa sababu ya manjano. Mtu mwenye mikono inayofika viganjani hachungi, hachoti maji, hakati kuni. Tamari alilivaa kwa kuwa binti za mfalme walivaa hivyo. Yakobo, kwa kumvika mtoto wa mke mdogo vazi hilo, aliwatangazia wakubwa wake nani bwana na nani mtumishi. Pwani hilo halihitaji tanbihi; kila mtu anajua nani huvaa kanzu na joho siku ya kazi, na nani hujifunga msuli.

Jirani yetu wa utotoni, aliyesoma chuoni badala ya Shule ya Jumapili, alimjua Yusufu yuleyule kwa kanzu nyingine. Katika Qurani kanzu inatokea mara tatu: imepakwa damu ya uongo, imechanwa kwa nyuma, na mwisho inawekwa usoni mwa baba naye anaona tena. Rangi haitajwi. Nilipomwuliza yeye aliiwaza vipi, alinishangaa: "Nyeupe. Kanzu si nyeupe?"

Mwaka jana nilinunua vikoi vitatu, nikampelekea fundi anishonee joho. Safari hii nikafuata mfano wa Yeronimo, nikataka vyote viwili: milia, na mikono mirefu. Fundi akapima hadi kifundo cha mkono, akasimama. Nikamwambia aendelee, hadi kiganjani. Akaishika ile futi akanitazama.

"Na vyombo," akaniuliza, "atakuoshea nani?"