Kubatilisha makala ya kitaaluma ni kufanya nini hasa?

Wengi wakisikia jarida la kitaaluma limebatilisha makala, hudhani imefutwa, haipo tena. Ipo. Fungua tovuti ya The Lancet, jarida la tiba la Uingereza, tafuta makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998, ile iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Utaikuta, kurasa zake zimepigwa maandishi makubwa mekundu kwamba imebatilishwa. Maneno ya chini yake bado yanasomeka.

Ndivyo inavyotakiwa. Makala iliyokwisha kunukuliwa haianuliwi kimyakimya kama nguo kambani. Anayefuata nukuu lazima aifikie, aione alama, asome na tangazo linaloeleza nani kabatilisha na kwa nini. COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa na wahariri Uingereza mwaka 1997, inataka tangazo hilo lisomwe bure, hata kama jarida lenyewe ni la kulipia. Inataka pia litenganishe kosa la bahati mbaya na udanganyifu. Hapo ndipo wachapishaji hupata kigugumizi: unakuta sentensi moja tu, "kuna matatizo katika data", basi. Aliyekosea hesabu akajitokeza mwenyewe anawekwa kapu moja na aliyepika takwimu.

Si kila dosari hufikishwa huko, lakini. Namba iliyoruka kwenye jedwali hutolewa masahihisho, yakaisha. Kubatilisha ni pale matokeo yenyewe yanapokuwa hayaaminiki tena.

Kazi ngumu kwa mchapishaji ni kutochelewa. Utafiti wa Wakefield ulihusu watoto 12 tu. Mwaka 2004 mwanahabari Brian Deer alifichua kwamba daktari huyo alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Mwaka huohuo waandishi wenzake 10 wakaikana tafsiri ya matokeo yale. Jarida likachapisha kauli yao, makala ikabaki. Wakati huo kiwango cha chanjo hiyo England kilikuwa kimeshuka hadi kama asilimia 80. Makala ilibatilishwa yote Februari 2010, siku chache baada ya baraza linalosimamia madaktari Uingereza kuamua kwamba Wakefield hakuwa mkweli.

Mtoto aliyezaliwa wiki makala ilipotoka alikuwa anatimiza miaka 12.