Kwa Nini Mjusi Aliyebomoa Ghala Bado Alionekana Mdogo?

Ghala limejaa vijana wanaocheza dansi. Ghafla ukuta unapasuka, na kichwa cha mjusi chenye magamba ya mviringo kama shanga kinajipenyeza kati ya mbao zilizovunjika. Picha inakatika, tunawaona vijana wakipiga mayowe na kukimbilia mlangoni. Inakatika tena, tunamwona mjusi yuleyule, peke yake. Hiki ndicho kilele cha hofu katika The Giant Gila Monster, filamu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1959, na kwa zaidi ya miaka sitini watazamaji wamekuwa wakilitazama tukio hilo bila hata kushtuka. Je, ni kwa nini mnyama anayebomoa jengo zima aonekane, machoni pa kila mtu, kuwa mjusi wa kawaida anayekisukuma kibanda cha kuchezea?

Kwa wasioijua, hadithi yenyewe ni fupi. Katika mji mdogo wa mashambani, msichana na mvulana waliokuwa wameegesha gari kando ya korongo wanatoweka. Sherifu anamtegemea Chase Winstead, fundi kijana wa magari aliyeigizwa na Don Sullivan, awasaidie kuwatafuta. Ajali zinaongezeka, treni ya abiria inaanguka, na hatimaye inabainika kwamba jitu linalofanya yote hayo ni mjusi. Chase anapakia nitrogliserini, kilipuzi kikali, ndani ya gari lake la mbio alilolitengeneza kwa mikono yake, analielekeza kwa mnyama huyo na kuruka nje kabla halijamfikia.

Mtu aliyegharimia kazi hii alikuwa Gordon McLendon, tajiri wa vituo vya redio wa Dallas, Texas, aliyemiliki pia sinema kadhaa, zikiwemo zile za viwanjani ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, ni lazima kukumbuka hali ya biashara ya sinema wakati ule. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyozilazimisha studio kubwa ziachane na sinema zilizokuwa zikizimiliki, na wakati huohuo televisheni ilikuwa ikiwabakiza watu wazima nyumbani jioni. Waliobaki wakitoka ni vijana, na mahali walipopenda kwenda ni kwenye viwanja vile vya magari, ambavyo kufikia mwisho wa miaka ya 1950 vilikuwa zaidi ya 4,000 nchini humo. Mwaka 1957 kampuni ya American International Pictures ilipata faida kubwa kwa filamu ya bei rahisi iitwayo I Was a Teenage Werewolf, na tangu hapo kila mwenye fedha kidogo na kamera alijua kanuni: vijana, gari, muziki na jitu.

Sinema za namna hiyo zilihitaji filamu mbili kwa tiketi moja. McLendon aliamua kuzitengeneza zote mbili mwenyewe, huko huko Texas. Ya pili ni The Killer Shrews, ambamo wanyama wakali walikuwa mbwa waliovishwa manyoya ya bandia. Bajeti inayotajwa mara nyingi kwa filamu ya mjusi ni dola 138,000. Hapa ndipo ninapoona chanzo cha mengi yaliyofuata. Kijana aliyekuwa ameshalipa kiingilio na kuegesha gari lake asingedai fedha zake kwa sababu mjusi hakutisha. Jina na bango vilikuwa vimekwisha kuifanya kazi yote ya kumleta. Mtayarishaji hakuwa na sababu ya kibiashara ya kuongeza hata wiki moja ya kumfanya mnyama wake aaminike.

Wala tatizo halikuwa ujinga, jambo ambalo wanaoikejeli filamu hii husahau. Mwongozaji wake, Ray Kellogg, alitoka katika idara ya mbinu maalumu za picha ya studio ya 20th Century Fox, na alijua vizuri namna ya kumdanganya mtazamaji kwa kutumia lenzi. Alichokosa ni muda, taa na vifaa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Licha ya jina la filamu, anayeonekana si mjusi wa Gila, yule wa majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, bali ni jamaa yake wa Meksiko, Heloderma horridum, ambaye ana mwili mkubwa zaidi na ngozi ya shanga iliyo kama ya mwenzake. Wote wawili wana sumu, lakini ni viumbe wapole wa mwendo, na sehemu kubwa ya maisha yao huipitisha wakiwa wamejificha chini ya ardhi. Ukimweka mjusi kama huyo katikati ya miti midogo ya bandia na magari ya kuchezea, atatembea anapotaka, atasimama anapotaka, na hatamtazama mtu yeyote, kwa kuwa hakuna mtu wa kumtazama.

Kisha kuna suala la mwendo wa vitu vinavyoanguka, ambalo ndilo kiini cha mambo. Tuchukulie kwamba seti imejengwa kwa kipimo cha moja kwa 25, hivyo mjusi wa sentimita 60 asimame badala ya jitu la mita 15. Gari la kuchezea likitumbukia kwenye korongo la sentimita 40, litafika chini kwa muda wa chini ya theluthi moja ya sekunde. Gari halisi likianguka mita 10, ambazo ni mara 25 ya kimo hicho, litachukua karibu sekunde moja na nusu. Mvutano wa dunia hauko tayari kupunguzwa ili ulingane na seti yetu. Sote tumeona vitu vikianguka tangu utotoni, na jicho, bila kufundishwa hesabu, linajua kwamba kitu kilichotua upesi namna ile kimetoka karibu. Dawa yake inajulikana: unatafuta kipeuo cha pili cha kipimo, yaani 5 katika mfano huu, kisha unapiga picha kwa kasi mara tano ya kawaida, fremu, yaani picha moja moja, 120 kwa sekunde badala ya 24. Zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida, gari dogo litaanguka taratibu kama gari kubwa.

Lakini dawa hiyo ina gharama. Kamera ya kasi hiyo inakula utepe wa filamu mara tano zaidi, na kila fremu inapata mwanga kwa muda mfupi mara tano, kwa hiyo taa lazima ziongezwe. Juu ya hilo, lenzi ikisogezwa karibu na kitu kidogo huona vizuri sehemu nyembamba tu, huku kilicho mbele na nyuma kikififia, na ukungu huo ni alama nyingine inayomwambia mtazamaji kwamba anatazama kitu cha mezani. Kuuondoa kunahitaji tundu la lenzi lifinywe, na tundu likifinywa mwanga unahitajika zaidi tena. Kila hila inadai taa, na kila taa inadai fedha.

Hata kama Kellogg angepewa taa zote za Dallas, lingebaki jambo moja lisilo na tiba. Mjusi akikuzwa mara 25 kwa urefu, uzito wake huongezeka mara 15,625, kwa maana mwili unapanuka pande zote tatu, ilhali unene wa mifupa yake, yaani eneo linalobeba uzito huo, huongezeka mara 625 tu. Kila mfupa ungebeba mzigo mara 25 ya ule ulioumbiwa. Jitu la kweli la ukubwa huo lingehitaji miguu minene kama nguzo, na kila hatua ingelitikisa tumbo lake na kuacha shimo ardhini. Mjusi wa kwenye filamu anapita juu ya vichaka vya bandia kwa wepesi wa kiumbe anayeweza kubebwa kwa mikono miwili, na wepesi huo ndio unaomfichua kuliko kasoro nyingine yoyote.

Nyufa hizi zingeweza kufunikwa, angalau kwa sehemu, kwa kumwonyesha mnyama pamoja na watu. Katika filamu ya Tarantula, iliyotolewa na studio ya Universal mwaka 1955, buibui hai aliongozwa kwa mipulizo ya hewa kisha picha yake ikaunganishwa na mandhari halisi ya jangwa, na matokeo yake bado yanashtua hadi leo. Kazi ya aina hiyo ilihitaji maabara, mafundi na siku nyingi za majaribio. Katika filamu ya mjusi, mnyama na mwigizaji hawakutani hata mara moja ndani ya fremu moja. Mtazamaji anaombwa aunganishe kichwani mwake vitu ambavyo kamera haikuviunganisha, naye, kwa haki kabisa, anakataa.

Mwaka 1992 filamu hii ilionyeshwa katika Mystery Science Theater 3000, kipindi cha televisheni ambamo mtu na roboti wawili huketi mbele ya skrini na kuidhihaki filamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tangu hapo wengi wameijua kwa njia ya kicheko tu. Isitoshe, kwa kuwa haimilikiwi tena na mtu nchini Marekani, yeyote anaweza kuinakili na kuiuza, na kwa miaka mingi ilizunguka katika nakala hafifu ambamo matukio ya usiku yamegeuka kuwa giza tupu. Sehemu ya hukumu iliyotolewa juu yake, kwa maoni yangu, ni hukumu juu ya nakala hizo.

Ninaitetea kwa jambo moja. Filamu nyingi za vijana za wakati ule ziliwachora kama wahuni wanaosubiri adhabu, lakini hapa sherifu anamwamini Chase, na Chase anafanya kazi karakana, anatunza familia yake na kuwajibika kwa wenzake. Kuna tukio moja tulivu ambamo anamwimbia mdogo wake wa kike, anayejifunza kutembea akiwa na vyuma miguuni. Mtoto anasogea polepole, akipima kila hatua, na katika muda huo mfupi kuna kitu kwenye skrini chenye uzito wa kweli.