Je, wajua kwa nini duka moja la mtandaoni linakuomba OTP (ile namba ya siri ya kutumia mara moja inayokuja kwa meseji), lingine linakataa kadi, na lingine linakata hela kimya kimya?

Mwezi uliopita nilikuwa namtafutia mama mguu wa cherehani yake ya ovaloki, Kariakoo nimezunguka kutwa nzima sijaupata, nikaukuta kwenye duka moja la mtandaoni la Marekani kwa dola 14. Nikajaza namba za kadi, tarehe, zile namba tatu za nyuma, halafu likaja boksi la postikodi. Nikaweka sifuri tano kama tunavyofanya wengi. Ikagoma. Nikaweka namba ya S.L.P. ya ofisini, ikagoma tena, na hapo hapo meseji mbili za benki zikaingia kwamba nimekatwa dola 14 mara mbili! Hela imetoka, mzigo hakuna. Nikahamia duka la Uingereza, kule likafunguka dirisha la kuomba OTP, nikasubiri weee, meseji ikaja baada ya dakika 11 wakati dirisha limeshafunga. Na kadi hiyohiyo kila mwezi inakatwa hela ya kifurushi cha filamu bila kuniuliza chochote.

Nilikasirika kwa kweli, na ndiyo sababu nikaamua kufuatilia mpaka nielewe.

Cha kwanza cha kujua ni kwamba kadi ya benki ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kaunta, muuzaji anakuona usoni na kadi anaishika. Fikiria tofauti na M-Pesa, kule mlipaji ndiye anayeweka namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe na muuzaji haioni kabisa. Kwenye kadi ni kinyume, wewe unampa muuzaji namba zako na yeye ndiye anaenda kuvuta hela benki. Na namba zenyewe zimeandikwa palepale kwenye kadi! Zile za mwanzo zinataja benki na nchi yako, ya mwisho kabisa ni ya kuhakikisha hujakosea kuandika, inatokana na hesabu ya Hans Peter Luhn wa IBM aliyepewa hataza yake mwaka 1960. Hiyo inakamata kidole kilichoteleza, mwizi haimkamati. Mtu akiipiga picha kadi yako mbele na nyuma kwa sekunde mbili pale mapokezi hotelini, ana kila kitu alichokuwa nacho mwenye kadi.

Sasa swali kubwa linalofuata ni hili, mwizi akinunua kitu kwa kadi yako hasara anabeba nani? Jibu la hilo swali ndilo linaloamua kama utaombwa OTP au hutaombwa. Kwa kawaida mwenye kadi akilalamika benki inamrudishia, na hela inavutwa kutoka kwa duka, kwa hiyo duka limepoteza mzigo na hela vyote. Visa wakaja na mfumo unaoitwa 3-D Secure mwanzoni mwa miaka ya 2000, wenzao wakaufuata. Duka linakupeleka kwanza kwa benki yako ikuhoji, na benki ikishasema ndiyo huyu ni mwenyewe, basi ikitokea wizi hasara inahamia kwa benki. Ndiyo maana duka dogo linapenda ile OTP, linajikinga. Duka kubwa lenye historia ya wateja wake miaka na miaka linaweza kuona bora libebe wizi kidogo kuliko wateja kuondoka kwa kuchoka na madirisha. Na kile kifurushi cha filamu, uthibitisho hufanyika mara ya kwanza unapojiunga, baada ya hapo duka linavuta lenyewe kwa ruhusa uliyoitoa siku ile.

Sheria za nchi nazo zinachangia. India wanadai uthibitisho wa ziada tangu 2009, Umoja wa Ulaya sheria yao ilianza Septemba 2019, Uingereza kwa manunuzi ya mtandaoni wakabana Machi 2022. Marekani hakuna sheria kama hiyo, kule wamezoea kukagua anwani.

Na hiyo anwani ndiyo inayotuumiza sisi. Mfumo wao unachukua tarakimu tu, namba ya nyumba na postikodi, unalinganisha na zilizopo kwenye faili la benki. Umejengwa kwa ajili ya Marekani, Kanada na Uingereza. Benki yangu mimi ina S.L.P. tu kwenye fomu niliyojaza, hata kama siku hizi mitaa yetu imeshawekewa vibao na namba za nyumba. Kwa hiyo benki inajibu "hela ipo, chukua", inazishikilia zile dola 14, halafu duka linaangalia jibu la anwani linaona halijathibitishwa linakataa mauzo. Hapo ndipo unapata meseji ya kukatwa na huku skrini inasema imeshindikana. Hela haijaenda dukani, imeshikiliwa tu, ila mtu ambaye alikuwa na hizo hela tu kwenye akaunti anaumia vilevile na hakuna anayemweleza! Hili mimi naona ni kosa, mtu asiye na postikodi si mtuhumiwa.

OTP nayo kwa meseji ina shida zake, ndugu zetu walioko Muscat au Doha laini ya nyumbani ikizimika tu basi kadi imekuwa plastiki, na matapeli wanaosajili upya laini ya mtu wanaipokea wao. Mfumo wenyewe wa 3-D Secure ulishakosolewa zamani, mwaka 2010 watafiti Steven Murdoch na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliandika kwamba dirisha lile linamzoesha mteja kuandika siri zake mahali ambapo hawezi hata kuona anwani ya saiti. Toleo jipya lilitolewa 2016, linaipa benki taarifa nyingi kuhusu simu yako na oda yako ili ikuruhusu bila kukuuliza kama haioni hatari, na lile la zamani likazimwa Oktoba 2022. Lakini benki ikiwa na uoga kidogo inarudi palepale kwenye OTP.

Kwa hiyo ikigoma usirudierudie, majaribio yanahesabiwa na yanafanya uonekane mwizi. Zima VPN (ile programu inayoficha uko nchi gani), uliza benki kama manunuzi ya mtandaoni yamefunguliwa kwenye kadi yako, na namba ya simu waliyonayo iwe ile iliyo mkononi. OTP ikija soma kwanza jina la duka na kiasi ndiyo uiandike, na mtu akikupigia akuombe uisome, kata simu.

Mama mguu wake nilikuja kuulipia kwenye lile duka la Uingereza saa nne usiku, OTP ikaja ndani ya dakika moja. Zile dola 28 za Marekani zilirudi kwenye akaunti siku ya saba, bila meseji yoyote, nilizikuta tu.