Picha za Posa: Jan van Eyck na Binti Mfalme wa Ureno

Oktoba 1428, Philippe, mtawala wa Burgundy, jimbo lenye nguvu mashariki mwa Ufaransa, alituma washenga Ureno kumposa Isabel, binti wa Mfalme João wa Kwanza. Alikwisha kufiwa na wake wawili, na mtoto wa ndoa wa kumrithi hakuwa naye. Katika msafara alimtia Jan van Eyck, mchoraji wa nyumba yake, ili amchore binti huyo kama alivyo.

Wanaozitazama picha za namna hii huzidhania ishara za mapenzi. Kwa kweli zilikuwa taarifa za kikazi. Januari 1429 wajumbe walikuwa Avis, mji wa Ureno, wakijadili masharti na watu wa mfalme, huku van Eyck akichora. Februari 12 picha mbili zikaondoka pamoja na barua, moja kwa bahari, nyingine kwa nchi kavu. Meli ikizama au tarishi akitekwa, ya pili itafika. Wakisubiri majibu, wajumbe walizuru Santiago de Compostela, mji wa hija ya Wakristo, wakafika hata kwa mfalme Mwislamu wa Granada, kusini mwa Hispania. Majibu yalikuja Juni, na Julai ndoa ikafungwa Lisbon, bwana harusi akiwakilishwa na mjumbe wake.

Je, uso ndio ulioamua? Sidhani. Isabel alikuwa na miaka 32, umri mkubwa kwa bi harusi wa kifalme wa zama hizo. Lakini mama yake, Philippa wa Lancaster, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Uingereza, na wakati huo Burgundy na Uingereza walikuwa upande mmoja dhidi ya mfalme wa Ufaransa. Hesabu hiyo ilishapigwa kabla brashi haijaguswa. Picha ilikuja kuthibitisha tu kwamba posa haina kasoro.

Zote mbili zimepotea. Kilichobaki ni mchoro wa nakala uliofanywa baadaye sana: Isabel amesimama kama aliye dirishani, mkono mmoja umetua kwenye kizingiti cha jiwe. Maandishi yake yanamtaja baba yake kuwa bwana wa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini alioutwaa mwaka 1415. Yanasema pia kwamba baadaye Isabel akawa mke wa Philippe, kwa hiyo hayakuwa kwenye picha iliyosafirishwa. Yaliongezwa harusi ikiisha.

Mfalme Henry wa Sita wa Uingereza alikuwa mkali zaidi kuhusu picha za posa. Mwaka 1442, alipotaka kuwaona mabinti watatu wa mtawala wa Armagnac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ili achague mmoja, aliagiza wachorwe wakiwa na magauni ya kawaida, na mchoraji aonyeshe kimo, sura na rangi ya ngozi. Mapambo yangeficha mengi. Lakini baridi ilimchelewesha mchoraji, siasa zikageuka, na posa ikavunjika. Mwaka 1445 Henry alimwoa Margaret wa Anjou.